Roboti ya bomba na boksi: Kazi ya mikono inayostahiki nafasi katika nyumba ya Kiislamu

Kila shule zinapofungwa, wazazi wengi hukabiliwa na swali lilelile: mtoto ashughulishwe na nini baada ya madrasa na kazi za nyumbani? Mara nyingi jibu hujileta lenyewe. Simu ya mzazi huchukuliwa, na kwa saa nzima au mbili mtoto hukaa kimya akitazama roboti zikitembea, zikipigana na kuruka angani. Mzazi hupumua kwa kuwa nyumba imetulia, lakini moyoni hubaki na wasiwasi, kwa sababu anajua kuwa utulivu ule si wa mtoto anayejifunza, bali ni wa mtoto aliyetekwa.

Katika makala hii tunapendekeza njia ya tatu, iliyo baina ya kumwachia mtoto skrini na kumpiga marufuku tu. Mtoto anayependa roboti apewe nafasi ya kuiunda kwa mikono yake mwenyewe: si kununua iliyokwishatengenezwa kiwandani, wala boksi la vipande vya kuunganisha, bali kuanza na bomba, karatasi, gundi na rula, mpaka kielelezo kisimame mezani na mistari yake, vifundo vyake na rangi zake. Huko ng'ambo kazi hii ina wapenzi wengi, watu wazima kwa watoto, na wapo waliofikishwa nayo mbali kuliko walivyotarajia.

Tunatumia neno kielelezo kwa makusudi. Neno sanamu lina uzito wake katika dini yetu, na suala hilo tutalifikia mahali pake, kwa kuwa mzazi Muislamu ana haki ya kuuliza kabla mkasi haujagusa boksi.

Fani isiyo ngeni kwetu

Neno roboti ni changa. Lilienea duniani kupitia tamthilia ya mwandishi wa Kicheki, Karel Čapek, iliyochapishwa mwaka 1920, na asili yake ni neno la Kicheki lenye maana ya kazi ya kushurutishwa. Lakini mashine zinazojiendesha zenyewe ni kongwe kuliko neno hilo, na sehemu kubwa ya historia yake iliandikwa kwa Kiarabu.

Katika karne ya 9, ndugu watatu wa Baghdad wanaojulikana kama Banu Musa waliandika kitabu kuhusu vyombo vya ajabu vinavyoendeshwa kwa maji, hewa na mizani. Mwaka 1206 alifuatia Ismail bin al-Razzaz al-Jazari, mhandisi aliyewatumikia watawala wa Kiartuki huko Diyar Bakr, mji ambao leo umo Uturuki. Kitabu chake kinaeleza vyombo 50, zikiwamo saa za maji, pampu na mashine za kuwatilia watu maji ya kunawa. Ameandika kwamba mfalme wake hakupenda kumiminiwa maji ya udhu na mtumishi au mjakazi, akamwagiza abuni chombo cha kuifanya kazi hiyo.

Kinachotuhusu zaidi ni namna alivyofanya kazi. Al-Jazari hakuridhika kueleza jinsi chombo kinavyofanana; alieleza jinsi kinavyotengenezwa, kipimo kwa kipimo, ili fundi mwingine aweze kukiunda upya. Alitengeneza vielelezo vya karatasi kabla ya kukata shaba. Aliunganisha tabaka za mbao ili ubao usipinde. Alisaga vizibo vya vali kwa unga wa msasa mpaka maji yasipite. Kwa sababu ya maelezo hayo, mwaka 1976 mafundi waliweza kuiunda upya saa yake kubwa ya maji na kuionyesha katika Jumba la Makumbusho ya Sayansi mjini London, zaidi ya miaka 700 baada ya kuandikwa. Profesa Fuat Sezgin, mwanachuoni wa Kituruki aliyefariki mwaka 2018, alisimamia uundaji wa mamia ya vielelezo vya ala za wanasayansi wa Kiislamu. Sehemu yake inaonekana leo katika jumba la makumbusho lililofunguliwa mwaka 2008 ndani ya bustani ya Gülhane, Istanbul.

Wala fani hii haikuwa ya wanaume peke yao. Ibn al-Nadim, katika orodha yake mashuhuri ya vitabu na wataalamu, amemtaja al-Ijliyya, binti wa mtengenezaji wa asturlabu, ambaye naye aliifanya kazi hiyo katika utawala wa Sayf al-Dawla wa Halab. Kwa hiyo binti anayeomba kushika rula na msasa asiambiwe kuwa hizo si kazi zake.

Roboti iliyotokana na vyuma chakavu

Kwa mwanafunzi wa mara ya kwanza tumechagua R2-D2, roboti fupi mfano wa pipa, yenye kichwa cha kuba, iliyojulikana kupitia filamu ya Star Wars ya mwaka 1977. Inatajwa kuwa na urefu wa sentimita 109. Tumeichagua kwa sababu mbili. Ya kwanza ni umbo lake: silinda, nusu tufe na miguu iliyonyooka, maumbo ambayo mwanafunzi wa shule ya msingi anayakuta katika somo la hisabati. Ya pili tutaieleza tutakapofika kwenye hukumu.

Watoto wengi hudhani kuwa vitu vinavyoonekana katika filamu kubwa hutengenezwa kwa mitambo ya siri na fedha zisizohesabika. Habari za roboti hii zinasema vingine. Roger Christian, aliyesimamia mapambo ya seti za filamu ile, ameeleza kuwa mfano wa kwanza uliundwa na seremala kwa mbao, na kichwa chake kilitokana na kifuniko cha taa kuukuu. Vyombo vya angani vya filamu hiyo vilipambwa ndani kwa vipande vya ndege zilizovunjwa, vilivyonunuliwa kama chuma chakavu. Picha zilipopigwa katika majangwa ya Tunisia mwaka 1976, roboti zile zilikwama na kusumbua mara kwa mara, na katika sehemu nyingi ilibidi mwigizaji Kenny Baker, mwenye kimo cha sentimita 112, akae ndani ya roboti aitikise kwa mwili wake.

Baada ya miaka, wapenzi wa kazi za mikono katika nchi mbalimbali walianza kuiunda roboti hiyo majumbani mwao, wakipima picha na kubadilishana michoro. Mwezi Julai 2013, wawili miongoni mwao kutoka Uingereza, Lee Towersey na Oliver Steeples, walikuwa na roboti zao kwenye maonyesho mjini Essen, Ujerumani. Kathleen Kennedy, aliyekuwa wakati huo mkuu wa kampuni inayotengeneza filamu hizo, alizitazama. Haukupita muda mrefu wakaajiriwa kuunda roboti za filamu iliyotoka mwaka 2015. Walichokuwa nacho cha kuonyesha kilikuwa ni kazi waliyoifanya majumbani, kwa saa zao za mapumziko.

Hatuahidi kuwa mtoto wa msomaji wetu ataitwa na watengenezaji wa filamu. Tunasema tu kwamba kazi iliyofanywa vizuri, hata pale ambapo hapana anayeitazama, humwandaa mtu kwa siku asiyoijua.

Kuanza na bomba na picha

Bomba la plastiki la maji machafu, lile mafundi wanaloliita la inchi nne, lina upana wa milimita 110 kwa nje. Kipande chake kilichobaki kwenye ujenzi kinatosha kuwa kiwiliwili. Kwa kuwa roboti yenyewe ina upana wa takriban milimita 464, kielelezo kitakuwa kama robo ya ukubwa wake, na kimo chake kitafika karibu sentimita 26. Kila sentimita 10 za roboti halisi zitakuwa milimita 24 mezani kwa mtoto.

Kama hesabu hiyo inamlemea, iko njia nyepesi. Atafute picha inayoonyesha roboti ikitazama mbele moja kwa moja, aichapishe, kisha apime upana wa kiwiliwili kwa rula. Ukiwa milimita 55, bomba lake ni kubwa mara mbili ya picha. Basi kila anachokipima kwenye picha akizidishe kwa 2. Hapo ndipo mtoto aliyekuwa akilalamika kuwa uwiano hauna faida maishani anapouona ukifanya kazi mkononi mwake.

Picha bapa, hata hivyo, hudanganya kwenye kingo, kwa sababu silinda hujikunja na vitu vya pembeni huonekana vyembamba kuliko vilivyo. Dawa yake ni ukanda wa karatasi. Mtoto auzungushe kwenye bomba, aweke alama pale ncha zinapokutana, kisha aufungue mezani. Atapata takriban milimita 345, na akizidisha 110 kwa 3.14 atakuta jibu ni hilohilo. Juu ya ukanda huo ndipo achore milango midogo, matundu na mistari yote ya mwili wa roboti, afute na kurudia mpaka aridhike, kabla ya kuhamishia kazi kwenye karatasi ngumu ya manila. Kukosea kwenye karatasi ni rahisi kuliko kukosea kwenye bomba, na al-Jazari alilijua hilo kabla yetu.

Kichwa, miguu na viungo

Kichwa cha kuba hutengenezwa kwa mpira mdogo wenye kipenyo cha sentimita 11 au pungufu kidogo. Mpira ufunikwe kwa mfuko mwembamba wa nailoni, kisha ubandikwe vipande vya karatasi vilivyolowekwa kwenye gundi ya unga wa ngano. Tabaka mbili zikauke kabla ya kuongeza nyingine, mpaka zifike sita au nane. Ikikauka kabisa, ikatwe katikati na mpira utolewe. Kwa kazi hii tunawaomba wasomaji wasitumie kurasa za gazeti hili wala karatasi yoyote yenye aya za Qur'ani au majina ya Mwenyezi Mungu. Madaftari yaliyokwisha, baada ya kukaguliwa, yanafaa zaidi.

Miguu hutokana na boksi gumu. Mzazi amwonyeshe mtoto kuwa boksi lina mistari ya ndani inayoelekea upande mmoja, na kwamba likikunjwa kwa kufuata mistari hiyo hupinda upesi. Vipande vitano vya umbo moja vikibandikwa huku kila kimoja kikigeuziwa mistari yake dhidi ya mwenzake, hupatikana mguu mgumu kama ubao. Vibandikwe vikiwa vimegandamizwa chini ya vitabu vizito usiku kucha. Miguu mikubwa miwili ifungwe ubavuni kwa bolti na nati, ili roboti iweze kulazwa nyuma kidogo, na mguu mdogo wa tatu ukae mbele chini.

Yanayobaki ni mambo madogomadogo, na hayo ndiyo yanayoifanya roboti ipendeze. Kizibo cheusi kilichong'arishwa huwa jicho kubwa la kioo. Vifuniko vya kalamu, nati, washa, vipande vya mirija na sehemu za redio iliyokufa huwa mabomba na vifundo. Kalamu iliyokwisha wino, ikikandamizwa pembeni mwa rula ya chuma, huacha mfereji mwembamba kwenye manila unaoonekana kama mpaka wa mlango. Mtoto asibandike kitu kwa ajili ya kujaza nafasi tu. Ajiulize kila mara: kifundo hiki kina kazi gani katika mashine hii? Roboti yenyewe ni ya kubuni, lakini swali hilo ni la mhandisi.

Kisha msasa, na hapa ndipo subira hupimwa. Aanze na namba 120, aende 240, amalizie na 400. Apake rangi nyeupe ya mwanzo, nayo itafichua kila kovu ambalo jicho halikuliona. Atavunjika moyo, kwa kuwa alidhani amemaliza. Azibe makovu kwa puti, asugue tena, apake tena. Baada ya hapo ndipo ije rangi nyeupe ya mwili, ya fedha ya kichwa, na buluu ya milango. Mwisho kabisa, rangi nyeusi iliyozimuliwa sana ipakwe na kufutwa hapohapo kwa kitambaa. Itakayobaki kwenye mifereji itaifanya roboti ionekane imefanya kazi miaka mingi.

Tahadhari za mzazi

Kukata bomba kwa msumeno na kukata boksi kwa kisu ni kazi ya mtu mzima au ya kijana anayesimamiwa. Vumbi la plastiki halifai kuvutwa. Bomba lisuguliwe likiwa limeloweshwa maji. Rangi ya kupuliza na gundi kali zitumiwe nje, penye upepo, mbali na jiko.

Wapo watakaotaka kuweka taa ndogo ya buluu kichwani, inayowashwa kwa betri bapa ya mviringo ya volti 3. Inapendeza, lakini betri hiyo ni hatari kubwa kwa mtoto mdogo. Akiimeza inaweza kumuunguza koo kwa ndani katika muda wa saa chache. Ifungiwe ndani kwa skrubu, na zilizobaki zihifadhiwe mahali pasipofikika. Mtoto akishukiwa kuimeza, akimbizwe hospitali hapohapo bila kusubiri dalili.

Hukumu ya vielelezo

Sasa tufike kwenye swali la mzazi. Zimepokewa Hadithi sahihi zenye onyo kali kwa wanaounda sura za viumbe vyenye roho. Katika Sahihi za Bukhari na Muslim imo habari ya mtu aliyekuwa akipata riziki yake kwa kutengeneza sura, akamwendea Ibn Abbas (r.a.) kumuuliza. Ibn Abbas alimweleza onyo alilolisikia kwa Mtume (s.a.w.), kisha akamwelekeza kwamba kama hana budi, basi atengeneze miti na vitu visivyo na roho.

Kwa upande mwingine, imethibiti kuwa Bi Aisha (r.a.) alikuwa na wanasesere akicheza nao katika nyumba ya Mtume (s.a.w.), na katika Sunan Abu Dawud imo habari ya farasi wake wa kuchezea aliyekuwa na mbawa za vipande vya nguo, jambo lililomfanya Mtume (s.a.w.) acheke. Kwa msingi huo wanazuoni wengi wameviruhusu vitu vya kuchezea watoto, na wengine wamechukua tahadhari zaidi, hasa kwa umbo linalokamilisha sura ya kiumbe.

Hii ndiyo sababu ya pili ya kuichagua R2-D2. Haina uso wa mtu wala wa mnyama. Ni mashine yenye umbo la pipa, na anayeiunda anaunda chombo, kama anayeunda gari au jahazi. Roboti zenye uso, pua na viungo vya binadamu ziko karibu zaidi na eneo lenye hitilafu, na aliyeingiwa na shaka aziache. Wala asiseme mtu kwamba vyombo vya al-Jazari vilikuwa na maumbo ya watu na wanyama, hivyo kila kitu ni halali. Historia ya mafundi haiwi hoja katika sheria. Mwenye hali mahususi amuulize sheikh wake.

Liko pia suala la filamu yenyewe. Ndani yake mna itikadi ya nguvu ya ghaibu iliyoenea ulimwenguni, isiyoafikiana na tauhidi. Mzazi anaweza kumpa mtoto picha ya roboti bila filamu. Mtoto aliyekwishaiona filamu azungumzwe naye waziwazi, kwa kuwa mtoto anayeelezwa huwa na ngao kuliko anayekatazwa bila sababu.

Faida inayobaki

Kazi hii, ikifanywa saa moja kila siku baina ya Alasiri na Magharibi, huchukua wiki tatu hadi nne. Adhana ikilia, gundi ifunikwe na mikono ioshwe. Gundi na rangi iliyoganda kwenye kucha huzuia maji ya udhu, na mtoto atajifunza kuiondoa vizuri, jambo ambalo hata baadhi ya mafundi watu wazima hulipuuza. Gharama zidhibitiwe pia. Uzuri wa kazi hii ni kutumia vilivyotupwa, na atakayenunua kila kitu kipya atakuwa amekosa nusu ya somo.

Imepokewa kutoka kwa Mtume (s.a.w.) kwamba Mwenyezi Mungu anapenda mja afanyapo kazi aifanye kwa ukamilifu. Sisi wazazi hulitaja jambo hilo mara nyingi, lakini tunawapa watoto nafasi chache za kulionja. Tunawataka wawe wahandisi na madaktari, na huku nyumbani hawaruhusiwi hata kufungua redio iliyoharibika. Nyuma ya mguu wa roboti, mahali ambapo hakuna mgeni atakayepatazama, mtoto ataamua mwenyewe kama asugue msasa au aache. Mzazi asimfanyie wala asimkaripie. Akae karibu naye, amshikie rula, na akiulizwa maoni aseme kweli: hapa pamenyooka, hapa bado.

Kielelezo kikikamilika, kiwekwe mahali pa heshima, nje ya sehemu ya kuswalia, na mtoto aachwe awaeleze babu, bibi na shangazi jinsi alivyopata kila kipimo. Wamsikilize mpaka mwisho.

Wabillahi tawfiq.